Tuulizeni kabla ya kuchora

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Singida, Mstahiki Meya na Waheshimiwa Madiwani

YAH: UBORESHAJI WA MAENEO YA WAZI NA BUSTANI ZA MITAA



Ndugu Mkurugenzi, Mstahiki Meya, Waheshimiwa Madiwani, ombi langu ni moja. Siku Manispaa itakapotenga fedha za kuboresha eneo la wazi katika mtaa wowote wa mji huu, wakazi wa mtaa huo waulizwe kabla mchoro haujachorwa. Wasisubiri kuitwa siku ya kuweka jiwe la msingi, wala siku ya kukata utepe. Yote yanayofuata humu ni maelezo ya kwa nini naliomba hilo, na namna linavyoweza kufanyika bila kuivuruga bajeti yenu.

Mji wetu una uwanja mkubwa wa kujivunia, Uwanja wa Liti, ambao wakubwa bado wanauita Namfua. Liti ni jina la mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kuwakabili Wajerumani kwa nyuki, na mechi ya Ligi Kuu ikichezwa pale mji mzima hutikisika. Lakini mtoto wa darasa la tatu hachezi Liti. Anacheza kwenye kipande cha ardhi kilichobaki katikati ya nyumba za mtaani kwao, na hicho kipande ndicho ninachokisemea.

Naomba niwaoneshe kimoja, kilicho karibu na ninapoishi. Kina miarobaini miwili, magoli ya miti yasiyo na nyavu, na mwamba mmoja mkubwa kuliko nyumba ya vyumba viwili. Asubuhi upande wa magharibi wa mwamba huo una kivuli, na upepo wa mashariki haufiki. Hapo ndipo anapokaa mama muuza uji na maandazi. Akisogeza jiko hatua kumi tu, moto unayumba na vumbi linaingia kwenye sufuria. Saa sita mchana anakuwa ameshaondoka, na vijana wa bodaboda wamehamia chini ya mwarobaini. Saa kumi jioni watoto wanafika na madumu ya njano yaliyopasuliwa katikati, wanapanda juu ya mwamba, wanakalia madumu, wanateleza hadi chini. Wameteleza pale miaka mingi mpaka jiwe limelainika na kuacha mstari unaong'aa. Jumamosi akina mama wa kikoba wanatandika mikeka chini ya mti wa pili. Nyuma ya mwamba kuna jalala ambalo hakuna anayekubali kwamba ni lake.

Hayo yote hayamo kwenye ramani yoyote ya ofisini. Kwenye ramani, kiwanja kile ni umbo lenye pembe nne lililoandikwa eneo la wazi. Mtaalamu aliyeketi mezani, hata awe hodari namna gani, hatajua kwamba jiko la uji linahitaji upande wa magharibi wa jiwe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa kutojua huko, michoro mingi ya bustani katika miji yetu inafanana. Chini inatandikwa pevingi. Pembeni inapandwa miashoki iliyonyooka, mizuri kwa picha lakini haina kivuli cha kumtosha mtu na mkeka wake. Viti vya zege vinawekwa katikati, juani, ambapo ikifika saa nne asubuhi havikaliki tena. Uzio unajengwa, geti linafungwa kwa kufuli, na kiingilio kinawekwa. Watoto wanahamia barabarani, na baada ya muda bustani inakodishwa kwa sherehe au inageuka baa ya nyama choma. Hapa Singida kuna hatari moja ya ziada: mkandarasi akiukuta ule mwamba, hesabu yake ya kwanza ni kokoto. Jiwe ambalo watoto wamelifanya bembea, kivuli na jukwaa bila kuigharimu Serikali hata senti linavunjwa, kisha tunanunua bembea za chuma ambazo jua la mchana linazigeuza kikaango.

Waheshimiwa, nisieleweke kwamba naupinga ukarabati. Kiwanja kile kinahitaji taa, kwa sababu baada ya saa moja usiku wasichana wanaotoka tuisheni wanakizunguka badala ya kukikatiza. Kinahitaji choo. Kinahitaji mfereji, maana mvua kubwa za Januari zinakata makorongo golini. Kinahitaji njia ambayo mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kupita. Ninachosema ni kwamba fedha za haya yote zitapatikana mara moja tu kwa miaka mingi, na zikipotea kwenye mchoro usiotufaa hatutapata nyingine karibuni.

Sababu yangu kubwa, hata hivyo, ni maji. Mnaijua hali ya hewa yetu kuliko mimi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili, na mwaka wa kawaida hatuvuki sana milimita 800. Baada ya hapo ni miezi saba ya ukame na upepo, upepo ule ule ambao kwa miaka umewavutia wanaotaka kuzalisha umeme kwa mapanga ya upepo. Tuna maziwa mawili ndani ya mji, Singidani na Kindai, lakini maji yake ni ya chumvi; huwezi kuchota ndoo ukamwagilia mche. Maji ya kumwagilia ni yale yale ya visima virefu tunayoyagombania majumbani. Bustani yoyote ya Singida, kwa hiyo, hupandwa Januari na hukabiliwa na mtihani wake Septemba. Bajeti ya mradi hulipia miche, mashimo na mbolea. Septemba hakuna mradi. Kuna mtu mmoja tu anayeweza kuuokoa mti ule, naye ni jirani anayeamka na ndoo ya maji aliyosuuzia nguo au kuoshea mboga, akaimimina shinani kwa sababu anaona mti ni wake. Jirani huyo hapatikani kwa mkataba peke yake. Anapatikana pale alipoulizwa mti upandwe wapi, na uwe mti gani.

Mkituuliza, wengi hawatataja mwashoki. Watataja mwarobaini, mkwaju, mgunga, miti inayoijua ardhi hii na kuuvumilia ukame wake. Watawaambia pia mbuzi wanapitia wapi asubuhi wakienda malishoni, ili miche ikingwe kwa miiba upande huo kwa miaka miwili ya mwanzo. Taarifa hiyo haina gharama, na kukosekana kwake kunaua miche mingi.

Mtasema wananchi hushirikishwa. Ni kweli, karatasi za mahudhurio zipo. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha kushirikisha wananchi cha mradi mmoja ambao sitautaja. Tulipoingia, mchoro ulikuwa umeshabandikwa ukutani, una rangi nzuri, una watu wanaotembea chini ya miti isiyoota mkoani kwetu. Tulisaini, tukapewa soda, tukaulizwa kama kuna mwenye swali. Bibi mmoja akauliza, “Mwanangu, choo kiko wapi?” Akajibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa. Mradi ulikamilika na kukabidhiwa, na choo hakikujengwa. Kikao cha namna ile ni cha kutoa taarifa, na kinafaa kwa kazi hiyo. Kushirikisha ni pale ambapo swali la bibi linaweza kuubadilisha mchoro.

Siombi kitu kigeni katika sheria zetu. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 146, inasema Serikali za Mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi na kuwashirikisha katika mipango ya maendeleo. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo umekuwa mikononi mwa halmashauri zetu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na nia yake ni mipango ianzie mtaani ndipo ipande kwenye kata na halmashauri. Ipo Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukiisoma sheria hiyo ukiwa Singida, unagundua kwamba kingo za Singidani na Kindai, wanakotua heroe na ndege wengine, zinaweza kuwa bustani ndefu kuliko zote mjini bila kumhamisha mtu aliyejenga kihalali. Nako pia waulizwe kwanza wavuvi na wakazi wanaozitumia kingo hizo kila siku.

Kuna waliotutangulia, na hawako mbali. Kibera, jijini Nairobi, kando ya vijito vinavyoingia mto Ngong, palikuwa na vipande vya ardhi vilivyojaa taka na kufurika kila masika. Tangu miaka ya 2000 vikundi vya wakazi vimekaa na wabunifu wa shirika la Kounkuey Design Initiative kuvigeuza viwanja vya umma, kimoja baada ya kingine. Wakazi hawakuomba maua. Waliomba choo, bomba la maji, vibanda vya biashara, mahali pa watoto kuchezea na pa vikundi kukutania. Mapato madogo ya choo, maji na vibanda ndiyo yanayosaidia kutunza kiwanja. Huo ndio ujanja ninaoutamani Singida: bustani inayopata hela ya kununulia ufagio bila kusubiri bajeti ya mwaka wa fedha unaofuata.

Zanzibar kuna Forodhani, bustani iliyofunguliwa mwaka 1936. Ilipochakaa, Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan kwa kushirikiana na Serikali ya Mapinduzi uliikarabati kuanzia Januari 2008, na ikafunguliwa upya Julai 2009. Ukuta wa bahari ulikarabatiwa, taa na njia zikawekwa, watoto wakapata sehemu yao ya kuchezea. Lakini wauza mishikaki, urojo na maji ya miwa hawakufutwa ili bustani ionekane safi. Walirudi, wakapangiwa mahali pao. Wangefutwa, Forodhani ingekuwa nzuri mchana na tupu usiku. Mama muuza uji wa mtaani kwetu anastahili heshima hiyo hiyo. Yeye ndiye mlinzi wa kwanza wa kiwanja kila asubuhi, halipwi, na anamjua kila mtoto kwa jina la mama yake.

Na kwa wanaodhani wananchi wa kawaida hawawezi kazi ya ramani, waangalie Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa inayofurika, wakatembea uchochoro kwa uchochoro na kuchora mifereji, nyumba na njia za maji kwa usahihi ambao ofisi hazikuwa nao. Simu ya mkononi na mjumbe anayeijua mipaka ya mtaa wake vilitosha kuanzia.

Kuna faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye taarifa za miradi. Kiwanja ambacho watu wanakiona ni chao hakivamiwi kirahisi. Mwaka 1989 Wangari Maathai aliandika barua kwa ofisi mbalimbali kupinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kuimega Uhuru Park ya Nairobi. Alitukanwa na kudhihakiwa, lakini jengo halikujengwa. Sisi hatuhitaji kufika huko. Tunahitaji tu mtaa mzima ujue mpaka wa kiwanja ulipo, ili kigingi kikihama usiku, asubuhi watu mia wawe wameona.

Sasa nitaje ninayoyaomba, kwa mpangilio.

Kwanza, orodha ya maeneo yote ya wazi ya kila mtaa, pamoja na ukubwa na mipaka yake, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa. Bikoni zilizong'olewa zirudishwe mwenyekiti na wakazi wakishuhudia.

Pili, vikao vya maoni vifanyike kiwanjani penyewe, na viwe zaidi ya kimoja. Kikao cha saa nne asubuhi siku ya kazi kinawapata wazee na wasio na kazi. Wenye genge, mafundi na akina mama wanaorudi sokoni hupatikana baada ya saa kumi na moja jioni. Tena, mkutano wa mtaa ni wa wenye miaka 18 na kuendelea, wakati watumiaji wakuu wa viwanja hivi wana miaka saba, tisa, kumi na miwili. Walimu wa shule za msingi wapewe karatasi, watoto wachore wanavyotaka kiwanja chao kiwe. Michoro hiyo iwe sehemu ya nyaraka za mradi.

Tatu, mchoro wa kwanza usiwe wa karatasi. Mtaalamu aje na chokaa na kamba, achore ardhini: hapa njia, hapa choo, hapa taa, hapa miti. Uachwe wiki moja. Watu watatembea ndani yake, watoto watacheza juu yake, na kasoro zitaonekana zingali za bei ya chokaa. Kufuta mstari wa chokaa kunahitaji ufagio tu. Kuvunja zege kunahitaji zabuni nyingine.

Nne, kila bajeti ya bustani iwe na fungu la maji na matunzo la angalau miaka mitatu, na kazi hiyo ipewe kikundi cha mtaa husika. Mnayo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyowekwa kisheria mwaka 2018. Kikundi cha vijana kinachoendesha choo, kuuza miche na kumwagilia miti ni mradi unaokopesheka kuliko mingi tunayoisikia.

Tano, mapato na matumizi ya kiwanja yabandikwe kila baada ya miezi mitatu pale pale kiwanjani, kwa Kiswahili kinachosomeka.

Najua majibu ambayo mnaweza kunipa. Mtasema fedha ni kidogo, na madarasa na zahanati vinasubiri. Siwaombi mpunguze dawati ili mpande ua. Naomba kwamba fedha zile ambazo kwa vyovyote zitakwenda kwenye bustani zisitumike mara mbili. Mtasema wananchi watataka makubwa yasiyowezekana. Wapeni kiasi kilichopo tangu dakika ya kwanza. Mwambieni mama anayepanga matumizi ya kaya kwa elfu kumi kwamba fedha ni hizi, mtaona atakavyochagua. Mtasema utaalamu unahitajika. Unahitajika sana: nguzo ya taa isianguke, mfereji upate mwinamo, shimo la choo lisichafue maji. Mkazi aseme kinachohitajika, mtaalamu aseme kinavyojengeka. Na mtasema siasa zitaingia. Zimo tayari, na zinapata nafasi kubwa zaidi pale ambapo wachache tu wanajua kilichoamuliwa. Wenyeviti wa mitaa waliochaguliwa Novemba 2024 waliomba kura kwa ahadi za maendeleo. Hii ni kazi ya kuwapima nayo.

Upande wetu wakazi nao una deni. Lile jalala nyuma ya mwamba halikuletwa na Manispaa. Mbuzi wanaokula miche wana wenyewe, na wenyewe wanafahamika. Tukiulizwa na kusikilizwa, itabidi tukubali sheria ndogo za kiwanja na faini zake, na kila kaya ikubali zamu ya usafi. Mtu aliyeshiriki kupanga hana tena pa kujifichia akisema mradi ni wa Serikali.

Siombi mji mzima kwa mkupuo. Chagueni kiwanja kimoja katika kata moja, mfanye kwa njia hii kuanzia swali la kwanza hadi ndoo ya maji ya Septemba ya tatu, kisha mlinganishe na bustani zilizojengwa kwa njia ya zamani. Mwaka wa fedha huanza Julai, na mapendekezo ya bajeti hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Kwa hiyo nafasi ya kuingiza jambo hili ni katika kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata kitakachojadili mipango. Naomba Baraza la Madiwani litamke hadharani kama linakubali au linakataa. Likikubali, litaje kata, kiwanja na tarehe ya kikao cha kwanza. Likikataa, litaje sababu, nasi tutazijadili kwenye mkutano wa mtaa, ambao ni haki yetu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Manispaa ya Singida

Nakala:
Mkuu wa Wilaya ya Singida
Idara ya Mipango Miji, Manispaa ya Singida
SUWASA na TARURA, Singida
Maafisa Watendaji wa Kata na Mitaa
Walimu Wakuu wa Shule za Msingi, wawasomee wanafunzi